Kadi Iliyotaka Umeme Wake

Kadi ya grafiki niliyomletea mdogo wangu wa kike kutoka Dar es Salaam ilipendeza kuitazama. Ilikuwa na feni yake yenyewe, na kwenye ukingo mmoja ilikuwa na matundu sita madogo yaliyopangwa safu mbili.

"Kaka, hapa panachomekwa nini?" mdogo wangu aliuliza, akiigeuza mkononi kama anakagua yai.

"Hapo? Hapo ni pa kupitishia hewa."

Nina shahada ya pili ya historia. Naitaja mapema ili msomaji asinitegemee kwa mambo ya umeme.

Ilikuwa miaka ile ambayo soko huria lilikwishafika Mbinga na kuweka kambi. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipita vijijini na magari yao na mizani yao, maduka ya mjini yalijaa vitu vya Dubai, na kompyuta zilizochakaa Ulaya zilikuja kwa makontena kumalizia uzee wao kwetu. Mimi nilikuwa nimeajiriwa katika mradi. Mradi uliisha kama miradi inavyoisha, kwa semina na picha ya pamoja, nikarudi nyumbani kuandika kitabu. Mdogo wangu alinipa meza kwenye kona ya duka lake, mahali ambapo wateja waliniuliza kama mimi ndiye napiga picha za pasipoti.

Duka lilitoa fotokopi na picha, lakini kilicholifanya liishi ni video za harusi. Kwetu watu huoa baada ya kuuza kahawa, kwa hiyo harusi hujaa katika miezi michache, na anayezikosa miezi hiyo hukaa mwaka mzima akitoa fotokopi za vyeti. Msimu ule alikuwa ametokea jamaa mmoja kutoka Songea mwenye kompyuta mpya. Katika video zake maharusi walizungukwa na mioyo inayoruka. Harusi mbili tulizozihesabu kuwa zetu zilimfuata.

Ya tatu mdogo wangu aliing'ang'ania. Bwana harusi alikuwa wa Mkumbi, ukoo wa wakulima wa kahawa, Wakatoliki. Bibi harusi alikuwa wa ziwani, Mnyasa, Mwanglikana. Kamati ilikuwa na watu wa pande zote mbili, tena watu wenye watoto wa kuoa na kuolewa. Mdogo wangu aliwaonyesha sampuli fupi: maji ya ziwa yanatulia, halafu majina ya maharusi yanapanda kutoka chini, herufi moja moja, yakidondosha matone. Kamati iliomba kuiona tena, kisha ikampa kazi.

Sampuli ile ya sekunde chache ilichukua mchana kutwa kutengenezwa. Kompyuta yetu, ilipofika hatua ya kuikusanya filamu nzima iwe faili moja, hatua ambayo wenye kazi huiita kurenda, iliganda. Kila mara iliganda mahali palepale, matone yakiwa hewani. Ndiyo maana niliagizwa kadi. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa ya kuvunja kamati: wanakamati wanakutana, wanakula, wanapongezana kwa kazi, na wanaitazama video kwa mara ya kwanza pamoja. Kama video isingekuwapo, harusi zote za mwaka uliofuata zingekuwa zimekaa ukumbini zikisubiri kukasirika.

Basi yale matundu sita hayakuwa ya hewa. Kadi ilikuwa inataka umeme wake, waya wake peke yake kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai yetu haikuwa na waya wa namna hiyo. Ilikuwa kiboksi cha bati chenye kutu, ambacho hadi siku ile nilidhani kazi yake ni kupiga kelele.

Hapo udadisi ukanishika. Nilikwenda kwenye duka la intaneti karibu na soko nikauliza mashine kiboksi kile ni nini hasa. Ukurasa ulifunguka kama pazia linaloteremshwa na mtu mwenye usingizi, mstari baada ya mstari. Nilielewa kwamba umeme wa ukutani unaingia humo ukiwa mwingi na mkali, na kiboksi kinaupunguza na kuugawa kwenye mafungu, kama mama anayepakua chakula msibani: sufuria hii ya wazee, hii ya wachimba kaburi, hii ya watoto. Kila kiungo cha kompyuta kina sufuria yake. Nilivutiwa kuliko nilivyotarajia. Miaka yote ile nimeandikia kompyuta na sikuwahi kujiuliza nani anaipakulia.

Sentensi ya mwisho kuteremka ilisema kwamba pawa saplai nzuri huwa nzito, kwa sababu watengenezaji wa bei rahisi hubana shaba na alumini ndani. Halafu umeme wa mji, uliotoka kwenye mashine za dizeli zilizokuwa na siku zao, ukakatika. Nikarudi dukani na elimu yangu ya nusu ukurasa.

Mbinga nzima tulipata pawa saplai mbili, zote kwa muuza redio mmoja. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya bluu inayong'aa, na ubavuni imeandikwa wati mia tano kwa herufi za dhahabu. Ya pili ilikuwa ya kijivu, imetolewa kwenye kompyuta ya mtumba, imeandikwa mia tatu na hamsini kwa herufi ndogo kama za dawa.

Tulikwenda watatu: mimi, mdogo wangu, na mumewe, shemeji yangu, mkulima wa kahawa ambaye siku ile alikuwa mjini na hakutaka kukosa. Shemeji hakusoma maandishi. Aliichukua ya bluu kwa mkono wa kulia na ya kijivu kwa wa kushoto, akafumba macho.

"Shemeji, usilale," nikamwambia.

"Nyamaza. Napima."

Watu wa kwetu hupima. Tangu walipokuja wanunuzi wenye mizani zao, zenye tabia ya kuusahau uzito wa mkulima, kila nyumba ilinunua mizani yake ya kuning'iniza, na wanaume wazima walijifunza kukisia kilo kwa mikono. Shemeji hakuiamini mikono yake peke yake. Alikwenda kwenye gari alilopanda, akarudi na mizani, akazining'iniza pawa saplai moja moja mlangoni mwa duka. Watu wakakusanyika. Mmoja akauliza kama ni aina mpya ya nyama.

Ya bluu ilikuwa nzito zaidi, tena kwa mbali.

"Hiyo," shemeji akasema.

"Hiyo," nikasema na mimi, kwa mamlaka ya intaneti. Ilinifurahisha sana kwamba elimu ya shamba na ya kwenye waya zimekutana mlangoni pale bila ugomvi.

Mdogo wangu alibaki anaitazama ya kijivu. "Mbona hii inaonekana kama imewahi kufanya kazi?"

"Ndiyo ubaya wake," shemeji akamjibu. "Imechoka."

Tukachukua ya bluu. Muuzaji alipokea ile yetu yenye kutu kuwa sehemu ya malipo, na mimi nilimwona mtu wa huruma.

Jioni ile kadi ilipata waya wake. Feni zikazunguka, kioo kikawaka, mdogo wangu akaianzisha kazi. Matone yalidondoka, yakapita mahali pa kugandia, yakaendelea. Shemeji alipiga makofi. Halafu ukatoka mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja kijiti, na harufu ya plastiki iliyoungua, na kompyuta ikazimika. Taa ya dukani ilikuwa bado inawaka. Kwa hiyo hatukuweza hata kuwalaumu watu wa umeme.

Tuliifungua ya bluu kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na nafasi kubwa, kama nyumba iliyohamwa. Nyaya chache nyembamba, transfoma ndogo kama kibiriti, na pembeni, likiwa limegandishwa vizuri kwa gundi, bonge la saruji.

Mdogo wangu aliligonga kwa ncha ya bisibisi, na lilitoa sauti ya saruji.

"Jiwe," shemeji akasema taratibu. "Wametia jiwe." Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini.

"Baba, kuna cha kuchekesha?" mkewe akamuuliza. "Jumamosi naionyesha kamati saruji?"

Mimi nilikuwa na swali la kiutafiti. "Shemeji, wewe una miaka kwenye kahawa. Magunia yenye mawe umeyaona. Mawe hayakukujia akilini hata kidogo?"

Alifuta macho. "Shemeji, kwenye kahawa mawe tunatia sisi. Wale wanatuibia kwenye mizani, sisi tunawarudishia kwenye gunia. Ningejuaje na kiwandani wana shida kama zetu?"

Asubuhi tulirudi kwa muuza redio. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao: mali ikiuzwa hairudishwi. Alikionyesha kwa kidole, kwa upole, kama daktari anayeonyesha eksirei. Ile ya zamani yetu alikuwa ameshaichinja; feni yake ilikuwa inapuliza jiko la mkaa la mama lishe wa jirani. Na ile ya kijivu?

"Imeondoka jana. Mama mmoja wa ziwani, jirani na Liuli kule, ana kompyuta ya kanisa."

Kwa hiyo sasa hatukuwa na video, wala kompyuta, na hatukujua kama kadi imepona au imekufa pamoja na saruji. Mdogo wangu hakulia. Alianza kupanga upya karatasi za fotokopi ambazo zilikuwa zimepangwa. Hilo lilinitisha zaidi.

Nilirudi kwenye intaneti kabla ya kufanya lolote, na safari hii pazia liliteremka hadi chini. Huko chini ndiko kulikokuwa na habari. Kadi za namna ile hula kutoka sufuria moja tu, ya volti kumi na mbili. Kumbe ile mia tano ya dhahabu ilikuwa jumla ya sufuria zote, hata zile ambazo kadi haizigusi, kama mtu anayehesabu ng'ombe wa wakwe zake katika utajiri wake. Cha kusoma ni mstari mdogo wa volti kumi na mbili na idadi ya ampea zake. Nilikwenda kuisoma ya bluu. Sufuria yake ya kumi na mbili ilikuwa kikombe.

Nikapanda pikapu iliyokuwa inateremka kuchukua usipa, dagaa wa ziwani. Barabara ile hukutoa kwenye baridi ya kahawa na mashimo ya ngolo, yale tunayolimia kwenye miteremko, ikakuzungusha milimani hadi masikio yazibe, halafu ghafla ziwa liko chini yako, na joto, na mihogo. Sweta nililivua njiani mkono mmoja baada ya mwingine, kama anayekiri.

Mwenye pawa saplai hakuwa mgumu kumpata. Alikuwa nesi mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alikuwa barazani anachambua usipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umetoka juu?"

"Ndiyo, mama. Mbinga."

"Naona. Umevaa soksi."

Nilieleza shida yangu kwa ustaarabu wa mtu aliyewahi kuandika maombi ya ufadhili: kwamba bila kujua amenunua kiboksi tulichokihitaji, na kwamba dada yangu ana kazi ya haraka, nami niko tayari kumtafutia kingine Songea. Alisikiliza huku mikono ikiendelea na usipa.

"Kazi gani hiyo ya haraka?"

"Ya video, mama."

"Video ya nini?"

"Ya harusi."

"Harusi ya nani?"

Nikamtajia. Mikono ikasimama.

"Mimi ni shangazi wa bibi harusi," akasema. "Na ni mjumbe wa kamati."

Ziwa lilikuwa zuri sana upande wa kushoto. Nilitamani kuendelea kulitazama.

"Kwa hiyo haijawa tayari," akasema.

"Iko mbioni, mama."

"Inakimbilia wapi, na kompyuta haina moyo?" Akasimama, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Alikiweka mapajani bila kukifungua. "Nikuulize. Kioda imo?"

Kioda ni ngoma ya akina mama wa ziwani, ya sare nyeupe na miguu inayotembea kana kwamba ardhi ni ngozi ya ngoma. Walikuwa wamekuja nayo Mbinga kwenye harusi. Nilijua pia, kwa sababu meza yangu ilikuwa karibu, kwamba mdogo wangu ameikata kuyapa nafasi yale majina ya majini.

"Imo."

"Yote?"

"Kiasi."

"Kiasi." Alilirudia neno kama analipima joto. "Sisi tumepanda mlima ule usiku na ngoma mapajani, tumecheza hadi watu wa Mkumbi wakaacha kula. Halafu kiasi. Unajua walivyosema wakwe? Kwamba watu wa ziwani walileta samaki tu."

Akakishika kile kitenge kwa mikono miwili.

"Chukua. Si kwa kununua. Ni cha kanisa, nakuazima. Jumamosi nakuja. Nikikaa pale, nataka kuiona kioda tangu filimbi ya kwanza hadi tulipokaa chini. Na chombo changu narudi nacho."

Alipofungua kitenge nilikigeuza kile kijivu nikausoma mstari mdogo. Sufuria ya kumi na mbili peke yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya bluu. Nilifurahi hadi nikamweleza mama wa watu habari yote ya mafungu ya umeme. Alinivumilia, kisha akanifungia usipa kwenye gazeti.

"Kaka," mdogo wangu aliniambia niliporudi, "nimekutuma chuma, umerudi na maagizo."

"Na usipa."

"Kioda nzima ni ndefu kama misa ya upadrisho! Watu wa Mkumbi watasinzia."

"Bila kiboksi hawatasinzia. Watatufukuza."

Kile kijivu hakikuwa na waya wa matundu sita, lakini ndani ya boksi la kadi mlikuwa na kiunganishi cha kutolea umeme kwenye nyaya za diski, nami kwa mara ya kwanza nilijua kitu kinachomekwa wapi. Tulibonyeza swichi. Feni ya kiboksi ikazunguka. Kisha, baada ya kusita kama mtu anayeamshwa, ikazunguka na ya kadi. Mdogo wangu aliiwekea kiganja juu kuhisi upepo wake.

Akarudi kwenye kanda, akairudisha kioda yote. Tulipokuwa tunaitazama, tukaona kitu ambacho yeye mwenyewe, nyuma ya kamera, hakukiona, kwa sababu alikuwa anaangalia betri. Baada ya pale alipokuwa ameikata, mama mmoja wa makamo mwenye suti ya kijani anatoka upande wa pili wa ukumbi, anasita, anaingia mwishoni mwa mstari wa kioda. Anakosea hatua. Mwanamke wa mbele yake anageuka, anamwonyesha kwa kidole: mguu huu, halafu huu. Anaipata. Alikuwa mama wa bwana harusi, wa Mkumbi.

Mdogo wangu alisimamisha picha. "Na mimi hii nilikuwa nimeitupa," akasema.

Kompyuta ilirenda Ijumaa tangu asubuhi, na sote tulitembea kwa vidole kana kwamba kuna mgonjwa. Ilimaliza kabla ya umeme wa mji kukatika.

Jumamosi, ukumbini, majina yalipanda kutoka majini yakidondosha matone, kila herufi mahali pake. Niliangalia nyuso za watu. Hakukuwa na nyuso. Wote walikuwa wametupa mgongo, kwenye foleni ya pilau. Mwenyekiti wa kamati alisikia tu muziki akauliza kama imeanza.

Kioda ilipoanza walikuwa wamekaa na sahani zao. Upande wa Mkumbi ulianza kuongea mambo yake ya bei ya kahawa. Shangazi alikaa mbele, mgongo umenyooka, sahani haijaguswa. Ilikwenda, ikaenda. Halafu suti ya kijani ikaingia kwenye mstari na ukumbi ukalipuka.

"Mama huyo! Mama huyo!"

"Mguu, mama! Siyo huo!"

"Kumbe mkwe ni Mnyasa!"

Mama mwenyewe alifunika uso kwa leso akicheka, na watu wakadai irudishwe, ikarudishwa, na mara ya tatu akina mama wa ziwani walikuwa wameshasimama, na yeye katikati yao, safari hii hakosei. Mwenyekiti alimfuata mdogo wangu kwenye projekta kumuuliza kama ana nafasi mwezi ujao. Mwingine alikuwa nyuma yake anasubiri kuuliza hivyohivyo.

Jumapili baada ya ibada shangazi alikuja dukani na kitenge chake. Mdogo wangu hakuomba lolote. Alichukua bisibisi, akaanza kufungua.

Shangazi alimtazama akitoa skrubu ya kwanza na ya pili. "Nikikitoa hiki, hii inabaki kuwa nini?"

"Inabaki kabati, mama."

"Na hizo harusi ulizopewa jana?"

"Nitakwenda Songea kutafuta kingine. Nikikosa, nitaona."

Shangazi aliiangalia kadi, na feni yake, na mimi. "Kompyuta ya kanisa imekaa mwaka mzima haifanyi kazi na tunaimba vilevile," akasema. Akakikunja kitenge. "Zirudishe hizo skrubu mahali pake. Kikae hapa mpaka binti yangu aolewe, ukishamtengenezea ya kwake ndiyo nichukue."

"Ahsante sana, mama. Anaolewa lini?"

"Bado hajachumbiwa," shangazi akasema, akaketi kwenye kiti changu kungoja chai.